Kopo la kunasia oili na kipima uvujaji wa silinda: uzoefu wangu na MGB iliyotoka kufanyiwa ovahoo

Vitu hivi viwili nimevitumia kwa miezi minne sasa, vyote kwa ajili ya tatizo moja: injini iliyotoka kuchongwa na kufungwa ringi mpya, halafu inatema oili kwenye bomba la kupumulia. Kopo nililinunua kwa pupa. Kipima nilikinunua baada ya kila niliyemuuliza kuniambia nishushe injini upya, na ndicho kilichoniokoa.

Gari ni MGB ya 1967, gari dogo la michezo la Kiingereza, injini ya cc 1798. Siku ya tatu baada ya kulichukua gereji nilisikia harufu ya oili inayoungua nikiwa nimesimama kwenye taa. Nilipofungua boneti nikakuta ubavu wa kushoto wa injini, chini ya manifoldi, umelowa chapachapa, na matone yanadondokea bomba la ekzosi. Mpira wa briza, yaani hilo bomba la kupumulia, ulikuwa umeachwa unaning'inia, mdomo wake unachuruzika kama pua ya mtoto mwenye mafua.

Kwa asiyeijua injini hii: ringi hata ziwe mpya, kuna gesi kidogo hupenya pembeni mwa pistoni na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ikikosa njia ya kutokea itajitafutia yenyewe, kwenye sili ya nyuma ya krenkshafti au gasketi yoyote iliyolegea. MGB huipitishia gesi hiyo kwenye kifuniko cha mbele cha tapeti (vyuma vinavyosukuma vijiti vya kufungulia vali), ambacho kina mkebe mdogo uliojazwa wavu wa waya. Kwa magari ya miaka ile, mpira ulitoka hapo ukaenda kwenye vali iliyofungwa juu ya manifoldi, injini ikawa inaivuta ile hewa chafu na kuiunguza. Hewa safi iliingia kwa kifuniko cha kujazia oili, ambacho kina kitundu na kichujio chake. Gereji walikuwa wameing'oa vali, wakaziba tundu lake, wakaweka na kifuniko kipya cha kung'aa kisicho na kitundu chochote. Fundi aliniambia ile vali inasumbua tu. Nikakubali, maana kifuniko chenyewe kilipendeza.

Basi nikanunua kopo, nielekeze mpira wa briza humo oili inaswe. Ni la alumini, lina shingo mbili juu, kioo cha kuonea kiasi cha oili ubavuni na koki ya kumwagia chini. Kulifunga hakukuchukua hata saa moja. Sakafu ikakauka siku hiyohiyo na nikajiona fundi.

Baada ya kilomita 100 nikafungua koki, ikatoka oili karibu mililita 120. Hapo palikuwa na dalili niliyoipita kama kipofu: oili ile ilikuwa safi, rangi ya asali, wala haikuwa povu la kijivu linaloletwa na mvuke. Oili safi ya namna hiyo inakuwa imerushwa mzimamzima. Mimi nilichofanya ni kupima dipstiki, nikakuta imevuka alama ya juu kwa kidole kizima. Nikapunguza hadi kwenye alama. Kopo likajaa polepole zaidi, lakini likaendelea kujaa.

Wiki ya pili sili ya nyuma ikaanza kutoka jasho. Hili nalilaumu kopo lenyewe: shingo zake ni nyembamba kuliko bomba la briza, na ndani ni tupu kabisa, hakuna kizuizi hata kimoja, kwa hiyo mvuke unaingia huku na kutokea kule ukiwa bado na oili. Nilithibitisha ule ubanaji kwa mpira wa plastiki unaoonekana ndani, nikaukunja umbo la herufi U, nikatia maji nusu na kuunganisha upande mmoja kwenye tundu la dipstiki. Kopo likiwa limefungwa, injini ikizunguka mizunguko 2500 kwa dakika, maji yalisukumwa sentimita 6. Nilipolivua kopo yalisogea chini ya sentimita 1. Ukinunua kopo, pima shingo kwanza, rangi baadaye.

Wakati huo ushauri ulikuwa umeshafurika: ringi zimefungwa kichwa chini, mapengo ya ringi yamepangwa mstari mmoja, silinda zimechongwa vibaya. Kompresheni yangu ilisoma kati ya psi 158 na 165 kwa silinda zote nne. Usomaji huo ni mzuri, ila kompresheni peke yake haikuambii hewa inatorokea wapi. Ndipo nikanunua kipima uvujaji: geji mbili na mpira mmoja unaoingia kwenye tundu la plagi. Unaipandisha pistoni hadi kileleni vali zote mbili za silinda hiyo zikiwa zimefunga, unapeleka hewa ya kompresa, halafu unatega sikio. Ikivuma kwenye kabureta, vali ya kuingiza haifungi. Kwenye ekzosi, vali ya kutolea. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya silinda hedi. Ikivuma kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi. (Hewa inapoingia, pistoni ikiwa imepita kilele kidogo tu, krenki huzunguka kwa nguvu. Spana yangu ilirushwa kutoka kwenye nati ya puli ikaenda kutoboa taa ya mkononi. Usiache spana pale.)

Majibu yalikuwa asilimia 9, 11, 14 na 10, na sauti ilitoka kwenye ringi tu. Chini ya 10 ni nzuri, ikivuka 20 ndio uanze kuwaza. Kwa injini yenye kilomita 400 hakukuwa na sababu ya kuishusha. Ringi zilikuwa bado hazijakaa, na kosa lilikuwa langu, maana nilikuwa naliendesha kama nimebeba mayai. Shinikizo la gesi ndilo linalosukuma ringi zikaze ukuta wa silinda; ukiendesha kwa upole mno, ukuta unakuwa laini kama kioo na ringi hazikai. Nikabaki na oili ya madini, nikatafuta milima, nikawa napanda kwa gia ya tatu nimekanyaga vizuri, halafu nashuka nimeachia mafuta. Kwenye kilomita 900 nikapima tena: 6, 7, 8, 6.

Na bado oili safi ilikuwa inaingia kwenye kopo. Sasa kwa kuwa ringi zimeshatoka kwenye orodha ya washukiwa, nikafungua kifuniko cha mbele cha tapeti. Nikapuliza ndani ya mkebe kwa mdomo, ukapitisha pumzi bila ukinzani wowote. Nikaumulika: mtupu. Katika kuusafisha kabla ya kupaka rangi, mtu aliuchokonoa wavu wote akautoa, pengine akidhani ni uchafu. Kumbe ule wavu ndio unaozishika chembe za oili na kuzirudisha ndani. Bila huo, kila tone linalorushwa na kemshafti na vijiti vya tapeti lina barabara wazi hadi nje.

Nimefunga kifuniko kingine cha tapeti chenye wavu wake, gasketi mpya, vali ya manifoldi, na kile kifuniko cha zamani cha oili chenye kitundu. Hivi viwili vya mwisho vinakwenda pamoja: vali ikivuta bila hewa kuingia, itaivuta hata oili. Gereji nimewaeleza wakapokea kwa uungwana, na kwa kweli uchongaji wao hauna dosari.

Kopo nalipa nyota mbili, moja ikiwa ya kile kioo cha kuonea, maana bila kuona mililita zikipungua nisingejua kipi kimesaidia. Kipima nyota tano, ingawa geji yake ya pili inasoma juu kidogo hadi uigonge kwa kucha. Jana nilirudisha ule mpira wa maji kwenye tundu la dipstiki: injini ikinguruma taratibu, maji yanavutwa kuelekea ndani sentimita 4, na sili ya nyuma ni kavu.