Pawabenki Ipi Inafaa Kununuliwa: Aina Nne Zilizopangwa kwa Ubora wa Matumizi

Anayeingia duka la simu Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta pawabenki huoneshwa kwanza namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi: 10,000, 20,000 na mara nyingine hata 50,000 mAh (miliampea-saa, kipimo cha umeme unaobebwa na betri). Mwongozo huu hauipuuzi namba hiyo, lakini umezipanga aina nne zinazouzwa sana kwa kuzingatia maswali mawili mengine: ni umeme kiasi gani unaofika kwenye simu, na pawabenki yenyewe huchukua muda gani kujaa umeme unaporudi. Swali la pili husahaulika, ilhali mahali penye mgao wa umeme ndilo linaloamua kama kifaa kitakufaa au kitabaki kwenye droo.

Hesabu yake si ngumu. Betri za lithiamu zilizomo ndani hufanya kazi kwa volti 3.7 hivi, na mAh zinazotangazwa hupimwa kwa volti hizo. Tundu la USB hutoa volti 5 au zaidi, kwa hiyo volti hupandishwa kwanza, na katika kupandishwa huko sehemu ya nishati hupotea kama joto. Pawabenki ya mAh 10,000 ina nishati ya wati-saa 37. Ukizigawa kwa volti 5 unapata ampea-saa 7.4, yaani mAh 7,400, na baada ya upotevu hubaki 6,000 hadi 6,500. Watengenezaji waaminifu huandika kiasi hiki kinachobaki kwa herufi ndogo mgongoni mwa kifaa. Kwa simu yenye betri ya mAh 5,000, tarajia kuijaza mara moja na theluthi hivi, wala si mara mbili kama muuzaji atakavyokuhesabia.

Nafasi ya kwanza naipa pawabenki ya mAh 10,000 yenye tundu la taipu C linaloingiza na kutoa umeme, kwa nguvu ya wati 18 hadi 22. Inaingia mfukoni, inamaliza siku nzima ya mtu anayetumia simu kwa kazi, na ikichajiwa kwa kichwa cha chaji chenye nguvu inayolingana nayo hujaa kwa saa tatu au nne. Ile yenye tundu la zamani la maikro-USB pekee, hata ikiwa bei yake ni ndogo, kwa kawaida hupokea wati 10 tu. Jambo moja la kuangalia ni kwamba baadhi ya kampuni za simu, Oppo ikiwa mfano mzuri, zina mfumo wao wenyewe wa chaji ya haraka. Simu ya namna hiyo itapokea umeme kutoka pawabenki ya kampuni nyingine, lakini kwa mwendo wa polepole kuliko chaji yake iliyokuja nayo.

Ya pili ni ya mAh 20,000. Inafaa kwa nyumba yenye simu mbili au tatu, kwa msafiri wa basi la mbali, na kwa mwenye kompyuta mpakato inayochajiwa kwa taipu C, mradi pawabenki itoe wati 45 au 65. Kilichoiteremsha hadi hapa ni uzito wake, ambao huzidi gramu 350 kwa kawaida, pamoja na muda wa kujaa. Kwa wati 10 huhitaji saa tisa au kumi za umeme usiokatika, na mtaa unaopata umeme usiku tu hauwezi kuijaza kwa uhakika. Basi usiinunue kabla ya kusoma maandishi ya upande wa kuingiza umeme: pasipofika angalau wati 18, chukua mbili za 10,000, moja ichajiwe wakati nyingine inatumika.

Wanaosafiri kwa ndege wana sababu ya kutopanda juu ya mAh 20,000. Kanuni ya jumla ya usafiri wa anga huruhusu pawabenki isiyozidi wati-saa 100 bila kuomba kibali cha shirika, nayo hubebwa ndani pamoja na abiria, kamwe si kwenye begi linalokwenda chini. Ya mAh 20,000 ina wati-saa 74. Ya 30,000 ina 111 na tayari imevuka. Wafanyabiashara wanaokwenda Dubai kufuata mizigo wakumbuke pia kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2025 Emirates inamruhusu abiria pawabenki moja tu, na hairuhusu itumike ndani ya ndege.

Ya tatu ni ile ndogo ya mAh 5,000, pamoja na zile zinazonata nyuma ya simu kwa sumaku na kuichaji bila waya. Ni nzuri kwa mwenye iPhone ya miaka ya karibuni. Simu nyingi za Android za bei ya kati hazina chaji isiyo na waya, na chaji hiyo yenyewe hupoteza nishati zaidi ya waya.

Ya mwisho, tena kwa mbali, ni pawabenki yenye kioo cha sola mgongoni. Kioo cha ukubwa wa simu hupata wati 2 hivi jua likiwa kali kabisa, hivyo kujaza wati-saa 37 ni kazi ya siku nne au tano za kuianika. Na kuianika kwenyewe ni kosa, kwa sababu betri ya lithiamu haipaswi kuchajiwa ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, ambalo kifaa cheusi kilichoachwa juani hulifikia upesi.

Kwa ruta ya nyumbani usinunue yoyote kati ya hizi. Ruta nyingi za faiba hutumia volti 12 au 9, na kifaa chake ni UPS ndogo ya ruta (betri inayoiwasha umeme ukikatika), inayouzwa na maduka yaleyale.

Ukiwa dukani, pima uzito kwa mkono: ya mAh 10,000 hukaribia gramu 200, kwa hiyo inayodai 50,000 huku ikiwa nyepesi kama simu ni ya uongo, hata jina lililochapwa juu yake likiwa kubwa namna gani. Tafuta alama ya Wh (wati-saa) mgongoni, kisha uizidishe mAh kwa 3.7 na kugawa kwa 1,000; namba mbili zisipolingana, irudishe. Dai risiti na dhamana ya maandishi, halafu wiki ya kwanza ijaze kabisa na uhesabu inaijaza simu yako mara ngapi, wakati bado unaweza kuirudisha.