TAHADHARI: Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa Malindi

Jamani wa Malindi, na ndugu wa Lamu mnaotumiwa mizigo kwa basi: kuna muuzaji anayepitisha kwenye magrupu ya WhatsApp vidonge vya "kunona mashavu na nyonga wiki mbili". Vimo kwenye vifuko vya nailoni, havina jina, havina tarehe ya mwisho. Anaviita vitamini. Wanaovimeza wanaonyesha dalili za deksamethasoni, steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe na mzio) isiyofaa kutolewa bila cheti cha daktari.

Dawa yenyewe ina kazi zake: mzio mkali, uvimbe wa ubongo, na mwaka 2020 ilithibitika kupunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliohitaji oksijeni, miligramu 6 kwa siku, siku zisizozidi 10. Lakini ni kali. Miligramu 0.75 yake yatosha kufanya kazi ya miligramu 5 za prednisoloni, steroidi nyingine, na hapa watu wanaimeza miezi.

Kunona kwenyewe ni uongo. Uso unaviringa, tumbo na kisogo vinajaa mafuta, huku misuli ya mapaja ikiisha hadi mtu ashindwe kuinuka mkekani bila kujishika. Sukari na presha hupanda, mifupa hudhoofika, TB iliyolala huamka. Ukiongeza diklofenaki, dawa ya maumivu, juu yake, tumbo laweza kuvuja damu.

Hapa tafadhali someni polepole: ukiwa umevimeza zaidi ya wiki tatu, USIACHE GHAFLA. Tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza kotisoli, homoni ya mwili ambayo steroidi huiiga, huwa zimelala, na kuamka huchukua wiki hata miezi. Muuzaji akikosa mzigo, mtu hulegea, hutapika, presha huanguka, na anaweza kufa. Mpelekeni hospitali usiku huohuo na mtaje steroidi waziwazi, maana anahitaji sindano ya haidrokotisoni (steroidi ya kuziba pengo la kotisoli) na dripu, na mhudumu asiyeambiwa anaweza kudhani ni malaria.

Kama hujafikia hapo, nenda na vidonge vilivyobaki pamoja na kifuko chake. Sema unameza vingapi kwa siku na tangu lini. Utapimwa sukari, presha na potasiamu, kisha dozi ipunguzwe hatua kwa hatua. Ukishikwa na homa kabla hujamaliza kupunguza, rudi siku hiyohiyo: mwili unaougua huhitaji steroidi zaidi.

Unga wa "mitishamba" unaotuliza maumivu ya maungo ya miaka kwa usiku mmoja, ushukuni vilevile. Hifadhini vifuko na jumbe za muuzaji, mpeleke malalamiko kwa Bodi ya Dawa na Sumu.