Picha ya Ukutani ya Steve Bloomer: Chapa Nzuri, Maelezo Yenye Kasoro

Duka moja la fremu na uchapishaji mjini Chake Chake limeanza kutoa picha za ukutani za wachezaji mpira wa zamani, kila moja ikiwa na maelezo ya maisha ya mchezaji yaliyoandikwa kwa Kiswahili chini yake. Maskani yetu ilinunua ile ya Steve Bloomer, mshambuliaji wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1874 na kuendelea kucheza hadi mwaka 1914, kwa shilingi 45,000 pamoja na fremu. Ninayoyaandika hapa yanahusu picha hiyo peke yake, kwa kuwa nyengine sijazikagua.

Kazi ya mikono haina maneno mengi. Fremu ni ya mbao ngumu, pembe zimekutana barabara, na nyuma pamezibwa vyema ili unyevu wa masika usipenye, jambo ambalo mkaazi yeyote wa Pemba aliyewahi kuona picha ikiota madoa ya ukungu atalithamini. Kioo kinang'aa kupita kiasi, na anayeketi upande wa mlangoni wakati wa alasiri haoni ila mwanga. Chapa yenyewe ni safi: Bloomer amekunja mikono kifuani, nywele zimegawanywa katikati, na buti zake zinapanda juu ya vifundo vya miguu. Fundi hakujaribu kuipaka rangi picha ambayo asili yake haikuwa na rangi, na kwa hilo anastahili shukrani.

Shida iko kwenye maelezo. Aliyeyaandika amependa hesabu, na hesabu zake ni sahihi: mabao 352 ya ligi akiwa na Derby County na Middlesbrough, mabao 332 ya Derby katika mashindano yote, ambayo hadi leo hayajafikiwa na mchezaji mwengine wa klabu hiyo, na mabao 28 katika michezo 23 ya timu ya taifa kati ya mwaka 1895 na 1907. Ametaja pia kwamba Bloomer alifunga katika kila mmoja wa michezo yake kumi ya mwanzo ya timu ya taifa, na kwamba Wales peke yake ilifungwa mabao matano na mtu huyo katika mchezo mmoja wa mwaka 1896. Yote hayo ni kweli. Lakini msomaji wa leo, aliyezoea kuona mabao yakimiminika kwenye televisheni, hawezi kujua uzito wa hesabu hizo mpaka aambiwe zilipatikana chini ya sheria gani, na juu ya hilo maelezo yamenyamaza kabisa.

Hadi mwaka 1925, mshambuliaji alihesabiwa kuwa ameotea kama mbele yake hapakuwa na wapinzani wasiopungua watatu wakati mpira unapopigwa, badala ya wawili wa sasa. Maana yake ni kwamba beki mmoja aliyesogea mbele kwa wakati aliweza kuwatega washambuliaji wote watano wa mfumo wa wakati huo, na mabeki werevu walikuwa wakifanya hivyo mchana kutwa. Tena, hadi mwaka 1912 kipa aliruhusiwa kuushika mpira kwa mikono popote katika nusu yake ya uwanja. Bloomer alicheza ndani kulia, yaani baina ya mshambuliaji wa kati na winga wa kulia, nafasi ambayo wazee wetu wa Gombani bado wanaiita namba nane ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa namba mgongoni, na silaha yake ilikuwa kuupiga mpira mara tu unapomfikia, bila ya kuutuliza, kabla beki hajapata nafasi ya kumwingilia. Sentensi mbili za aina hii zingetosha kuyapa uhai mabao yote 352, na nafasi ya kuziweka ilikuwepo, kwani sehemu ya chini ya picha imepambwa kwa maua yasiyohusiana na chochote.

Kosa la kwanza la wazi ni sentensi inayosema kwamba alitwaa Kombe la FA mwaka 1898. Derby walifika fainali mwaka huo na kufungwa na Nottingham Forest 3-1, na bao hilo moja la Derby lilikuwa la Bloomer. Mwaka uliofuata walirudi fainali, wakaongoza, kisha wakafungwa na Sheffield United 4-1. Mwaka 1903 walifika tena na wakafungwa na Bury mabao sita bila, safari hiyo Bloomer akiwa hayumo uwanjani. Kombe hilo hakulipata kamwe, wala ubingwa wa Daraja la Kwanza, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa la juu kabisa. Ubingwa wake wa ligi ni ule wa Daraja la Pili, alipokuwa amerudi Derby kutoka Middlesbrough na kuipandisha timu katika msimu wa 1911/12, naye akiwa na umri wa miaka 38. Naona aliyeandika hakuamini kwamba mfungaji mkubwa kiasi hiki angeweza kustaafu bila ya kombe, akaamua kumpa moja. Ni huruma, lakini si historia.

Kosa la pili ni zito zaidi. Maelezo yanadai kwamba Bloomer alitekwa na Wajerumani akiwa askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Bloomer hakuwa askari. Alikwenda Berlin katikati ya mwaka 1914, baada ya kuacha kucheza, ili awe mwalimu wa klabu ya Britannia, na vita vikamkuta huko akiwa na wiki chache tu kazini. Alichukuliwa pamoja na raia wengine wa Kiingereza na kuwekwa Ruhleben, uwanja wa mbio za farasi pembezoni mwa mji, ambako zaidi ya wanaume elfu nne walilala katika mabanda yaliyojengwa kwa ajili ya farasi. Humo walikuwemo pia Fred Pentland, ambaye baadaye alijipatia jina kwa kuifundisha Athletic Bilbao, na John Cameron, aliyeiongoza Tottenham kuchukua Kombe la FA mwaka 1901 huku akiwa bado mchezaji. Wafungwa waliunda chama chao cha mpira na kuendesha ligi ndani ya ua, na Bloomer, aliyekwishapita miaka 40, alicheza mpira na kriketi kambini hadi alipoachiwa mwaka 1918. Kumgeuza mtu huyo kuwa askari ni kumnyang'anya sehemu ya maisha yake iliyo ya ajabu kuliko zote.

Na baada ya hapo maelezo yanakatika, kana kwamba alitoka kambini akaenda moja kwa moja kaburini. Alifariki Derby mwaka 1938. Lakini kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa Real Unión ya Irún, mji mdogo wa Uhispania ulio mpakani na Ufaransa, na mwaka 1924 timu hiyo ilichukua Kombe la Mfalme kwa kuwafunga Real Madrid 1-0 katika fainali. Yaani kombe lililomkwepa kwao katika miaka yote ya kucheza alilipata ugenini akiwa mwalimu. Kama kuna habari moja ambayo vijana wa maskani wangeisoma mara mbili, basi ni hiyo.

Kuhusu huduma, sina lawama. Nilipomwandikia mwenye duka masahihisho haya kwenye karatasi, aliyasoma mbele yangu na kuuliza juu ya Irún, kisha akasema: "Maalim, haya uliyoyaleta ni mengi kuliko niliyokuwa nayo. Nitakuchapishia nyengine bila ya malipo, na fremu utabaki nayo hiyo hiyo." Chapa mpya imekuja na makosa yote mawili yamerekebishwa, ingawa sheria ya kuotea bado haimo na maua bado yapo. Kioo nimekibadilisha mwenyewe kwa kioo kisichong'aa, ambacho duka linacho mteja akiuliza.

Kwa bei hiyo, picha inafaa kununuliwa na maskani au skuli yoyote, mradi mnunuzi aombe chapa iliyosahihishwa. Sisi tumeagiza ya Vivian Woodward, yule msanifu majengo aliyecheza bila ya kulipwa, akaivuka rekodi ya Bloomer ya mabao ya timu ya taifa mwaka 1911 na akawa nahodha wa timu zilizoshinda Olimpiki ya 1908 na ya 1912. Safari hii tumekubaliana kwamba maelezo yaletwe maskani yasomwe kabla ya kuchapishwa.