Kiungulia: maginesiamu ya kutafuna au omeprazole?

Maginesiamu haigusi seli zinazotengeneza asidi. Hukutana na asidi iliyokwisha kumwagika tumboni na kuizima, ndiyo maana nafuu huja ndani ya dakika chache. Lakini haidumu: tumbo likiwa tupu huisha ndani ya saa moja hivi, baada ya mlo huweza kudumu kwa muda wa saa tatu. Na inaweza kukuharisha.

Omeprazole huenda kwenye chanzo. Seli za ukuta wa tumbo hupokea amri za kutoa asidi kutoka pande tatu: neva ya vagasi (harufu ya pilau tu yatosha kuiamsha), homoni ya gastrini, na kemikali ya mwilini iitwayo histamini. Amri zote huishia kwenye pampu za aina moja zinazosukuma asidi tumboni, na dawa hii huzifunga pampu hizo zisifanye kazi tena, mpaka seli iunde nyingine. Ila hufunga zile zinazofanya kazi tu, na chakula ndicho huziamsha. Ndiyo sababu humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, na huchukua siku kadhaa kufikia nguvu kamili. Wengi humeza kidonge kimoja usiku baada ya mishikaki, kisha wanasema dawa ni feki.

Kwa kiungulia cha mara mojamoja ningechagua maginesiamu. Kikija karibu kila siku, omeprazole, kwa muda anaopanga daktari. Ukiiacha ghafla baada ya miezi mingi, asidi inaweza kurudi kwa kishindo. Ukitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo.