Tahadhari: mkadiriaji wa mawe ya majumba ya kale anayezunguka Jinja

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, kwa sababu fedha zilizopotea si zangu peke yangu. Ni zile mlizochanga kwa ajili ya jumba la babu, nami ndiye niliyezitoa kwa mkono wangu.

Bwana huyo alifika Jumanne asubuhi, shati limenyooshwa kwa pasi, akiwa na kipimo cha leza na nyundo ndogo ya mbao. Hakuomba fedha. Alianzia kwenye ngazi za baraza, akagonga jiwe baada ya jiwe huku ametega sikio, na kila lililotoa sauti ya uwazi alilitia alama ya chaki, mpaka ukuta wa mbele ukafanana na ubao wa darasani. Kisha akatuonyesha mahali ambapo mafundi wa zamani walijaza saruji katikati ya mawe, akaeleza kwamba saruji ni ngumu na hairuhusu unyevu kutoka, hivyo maji hutafuta njia kupitia jiwe lenyewe na uso wake ukamenyeka, ilhali chokaa ni laini na hupumua. Ikichakaa hubadilishwa yenyewe, jiwe likabaki. Hayo yote ni kweli. Niliyathibitisha baadaye kwa mwashi mmoja mzee wa Tororo, na ndiyo yanayoniuma zaidi, maana mwizi alikuwa amelisoma somo lake vizuri. Shangazi, ambaye mnajua jinsi asivyomwamini mtu, alimletea chai mara mbili.

Alhamisi jioni akaleta makadirio ya kurasa 14 yaliyopigwa muhuri: shilingi 47,386,250. Ile 250 ya mwisho ndiyo iliyonimaliza. Nilidhani mtu anayehesabu mpaka hapo hawezi kuwa mwongo. Nikamlipa 1,500,000 za ukadiriaji, na kesho yake 8,000,000 za kuagizia mawe na chokaa ya Muhokya, kwa kuwa alisema bei ingepanda kabla ya wiki kwisha. Risiti aliiandikia juu ya boneti ya gari. Akawaleta vijana wawili, wakajaza kipande cha ukuta ili tuone mfano wa kazi, wakaondoka, na tangu siku hiyo simu yake haipatikani. Mfuko mtupu wa saruji niliukuta nyuma ya tangi la maji.

Ndipo nilipoketi kuyasoma yale makadirio, kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kufungua mkoba. Ukurasa wa 9 una gharama ya kubadilisha mawe yaliyopasuliwa na barafu, na ukurasa wa 11 una ukarabati wa mnara wa kengele. Barafu, hapa Jinja! Mnara wa kengele, juu ya nyumba ya marehemu babu, Haji! Ni karatasi za kanisa la nchi ya baridi, akabandika jina la mtaa wetu.

Mwashi wa Tororo alizipitia kwa dakika chache akacheka, nami sikumlaumu. Hamna hata mstari mmoja wa gharama ya jukwaa, ingawa sehemu ya juu ya ukuta, pale palipoandikwa mwaka wa ujenzi, hakuna aliyeifikia. Hakuna bei ya jiwe moja moja wala ya kila mita ya mraba ya maungio, na hakuna akiba iliyotengwa kwa ubovu utakaoonekana baada ya kupanda jukwaa, nao kwa kawaida huwapo. Kazi yote ni siku tisa, wakati chokaa hukaza polepole kwa kuvuta hewa na hutakiwa kufunikwa magunia yenye maji kwa siku nyingi. Namba ya usajili wake sikuiuliza.

Mtu huyu afungwe, lakini kabla ya kufungwa aletwe hapa adhuhuri, apewe patasi ndogo, aikwangue saruji yake ungio moja moja bila kuvunja kona ya jiwe hata moja, na shangazi akiwa amekaa barazani anamtazama. Fedha arudishe zote, pamoja na ya chai.

Faili limefunguliwa polisi. Nimesikia kuna familia huko Iganga iliyokabidhiwa makadirio yanayofanana na yetu. Tafadhali wanitafute na wayalete, hasa kama nayo yana mnara wa kengele.