TAHADHARI: Kuna tapeli anauza "mabati halisi" ya ndege za mabomu za Vita vya Pili, na anawalenga wenye babu Keya

Wadau salaam. Hii nawaandikia zaidi mlioko Uingereza ila hata wa Marekani na Gulf someni tu maana jamaa anatuma mzigo popote. Kuna mtu anauza vipande vya bati anavyosema vimekatwa kwenye pua za ndege za mabomu za Wamarekani za Vita vya Pili, zile zilizokuwa zinachorwa wadada wa nguo za kuogelea, katuni, majoka, na vibomu vidogo vidogo vya kuhesabia safari walizoenda kupiga. Havijakatwa kwenye ndege yoyote. Ni bati jipya limechorwa juzi likapigwa msasa. Shemeji yangu ameshatoa pauni 900 na alikuwa anajiandaa kumalizia 950 nyingine ndo nikaitwa nikaangalie, na mimi kazi yangu ni bodi za ndege, kukata bati na kupiga ribiti ndo ugali wangu wa kila siku.

Anavyoingia sasa. Anatafuta watu waliopost picha za babu zao wa KAR (Keya, yani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), hasa ukiweka picha ya nishani ya Burma Star umekwisha, kesho yake yuko inboksi. Mpole, Kizungu kizuri, anakwambia babu yake alikuwa fundi wa ndege kule India, na kwamba Liberator moja, yani ndege ya mabomu ya Wamarekani, ndo ilikuwa inawadondoshea chakula Waafrika wa Divisheni ya 11 kwenye bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944, wale marubani wakawapenda askari wetu mpaka wakaipa ndege jina la Kiswahili. Kwenye bati kuna mdada kafunga kanga, chini imeandikwa "Jambo Mama". Shemeji aliponitumia hiyo picha alikuwa analia jamani, babu yao alikuwa Keya kweli na alitembea hilo bonde kweli, kwa hiyo huyu mtu anajua kabisa anapoguswa mtu ni wapi. Ndo kitu kilichoniudhi kuliko hata hela.

Sasa tuanze na stori yenyewe. Ni kweli Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw masika ya 1944, kutoka Tamu mpaka wakaingia Kalewa mwezi wa 12, na ni kweli matope yalikuwa hayapitiki kwa hiyo walitegemea sana vitu vya kudondoshwa kutoka juu. Lakini kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya Dakota, ndege za mizigo. Liberator za Wamarekani waliokuwa India kazi yao ilikuwa kuvunja madaraja na reli za Mjapani, na kuna kipindi mwaka huohuo 1944 zikabebeshwa mafuta kupeleka China. Tapeli kachukua ukweli nusu akaubandika kwenye bati.

Afu kwenye kona ya bati kaweka namba ya ndege inaanzia na 44, na rangi ya nyuma ya mchoro ni ile kijani ya jeshi. Hapo kajichoma mwenyewe. Zile tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka wa bajeti ambao ndege iliagizwa, na kuanzia mwanzoni mwa 1944 Wamarekani waliacha kupaka kijani ndege za mabomu kiwandani, zikawa zinatoka bati tupu linang'aa. Namba ya 44 kwenye kijani inahitaji maelezo ya ziada na yeye hana maelezo, nilimuuliza kupitia simu ya shemeji akajibu "vita ilikuwa na mambo mengi".

Ila mimi sikuhitaji hata hayo. Nilipofika nikaligeuza tu lile bati.

Watu wote wanaangalia mbele, mdada, kanga, basi. Geuza nyuma. Ngozi ya ndege kwa ndani imeshikiliwa na mbavu, yani vipande virefu vya aluminiamu, na ribiti zinakwenda kwa mistari kufuata hizo mbavu. Ukikata kipande lazima ubebe mabaki ya mbavu au angalau mistari ya matundu na alama ya pale zilipokaa miaka. La shemeji nyuma ni tupu, laini kama sahani. Ribiti zipo kwa mbele, ndio, zimepangwa vizuri kabisa, lakini hazishiki kitu! Na ni ribiti za pop, zile za dukani zenye katundu katikati unazofunga kwa mashine ya mkono, za kutengenezea mlango wa banda. Za Liberator zilikuwa ni za kugonga, mmoja nje na bunduki ya hewa mwingine ndani kashikilia chuma, kichwa hakina tundu.

Kingo nazo zimenyooka, zimekatwa kwa mashine. Ndege zile baada ya vita zilivunjwavunjwa, na waliookoa michoro walikata kwa mashoka, kwa hiyo bati la kweli kingo zake zimechanika na kupindapinda. Halafu katia "kutu" ya kahawia pembeni kuonyesha uzee. Kutu ya kahawia kwenye aluminiamu! Aluminiamu ikiliwa inatoa unga mweupe, hiyo kahawia ni rangi kapaka na sponji, nilikwangua kwa kucha ikatoka.

Kilichommaliza kabisa ni maandishi. Viwanda vya bati hupiga mhuri wa wino kwenye bati kuonyesha ni aina gani. Huyu kajitahidi kuusugua ila ukililaza bati kwenye mwanga wa dirisha unasoma vizuri tu "2024-T3". Mimi hilo bati nalishika kila wiki. Wakati wa vita aluminiamu hiyohiyo iliitwa 24S-T, hizi namba za tarakimu nne zilianza kutumika Marekani mwaka 1954. Kwa hiyo babu yake tapeli alikata mwaka 1945 bati lenye jina ambalo lilikuwa halijazaliwa.

Niseme na hili la soko maana najua kuna mtu atasema "labda hilo moja tu ni feki". Mwezi huu peke yake jamaa ana mabati matatu. Jamani. Baada ya vita maelfu ya ndege zilipelekwa kwenye viwanja kama Kingman kule Arizona na Walnut Ridge kule Arkansas zikayeyushwa zikawa vinoo vya aluminiamu, mdada na kanga yake na kila kitu. Pale Walnut Ridge kulikuwa na msimamizi anaitwa Minot Pratt, yeye ndo aliwaambia vijana wakate michoro iliyomvutia kabla ndege haijaingia tanuruni, na vile vipande thelathini na kitu ndo baadaye vilikuja kuhifadhiwa na jumba la makumbusho la Texas. Wakanada nao waliokoa vya ndege zao za Halifax, viko makumbusho ya vita Ottawa. Simaanishi kwamba hakuna mtu binafsi mwenye kipande, wapo, lakini kipande cha kweli kinapitia mnada mkubwa na makaratasi yake, na bei yake huwezi kuisikia ukabaki umekaa. Hakiji inboksi kwa pauni 1,850 "sababu napenda Waafrika".

Na hata ule uchoraji wenyewe ungemwonyesha mtu. Michoro hii ilipigwa nje, baridi, na fundi au askari mwenye kipaji, kwa brashi na rangi iliyopatikana kambini. Nendeni mkaangalie picha za Memphis Belle, ile B-17 iliyomaliza safari 25 na rubani wake Robert Morgan akaipa jina la mchumba wake wa Memphis. Mdada wake kapigwa na koplo Tony Starcer pale Bassingbourn, karibu na Cambridge, akiigiza mchoro wa George Petty wa kwenye gazeti la Esquire, upande mmoja nguo ya bluu upande wa pili nyekundu. Unaona mkono wa mtu. La shemeji ukizoom kwa simu unaona vidoti vya printa, yani ni stika imepigwa vanishi juu!

Kuna na makoti. Sa hivi ameanza kuweka makoti ya ngozi ya marubani yaliyochorwa mgongoni, lile moja lina vibomu 50 na limeandikwa 8th Air Force (kikosi cha anga cha Wamarekani waliokuwa Uingereza), England, 1943. Kikosi hicho wakati huo mtu akimaliza safari 25 anarudishwa nyumbani, baadaye 1944 wakapandisha 30, kisha 35. Hamsini ilikuwa habari za walioruka kutoka Italia. Wapo waliojitolea mzunguko wa pili, sawa, ila muulize jina la mwenye koti, afu ingia kwenye kumbukumbu za American Air Museum ya Duxford mtandaoni, ni bure, watu na ndege za kikosi hicho zimeorodheshwa humo. Ukiwa na tochi ya UV zima taa umulike na mishono, uzi wa kisasa mara nyingi unawaka mweupe, wa pamba wa enzi zile haumeremeti hivyo.

Kuhusu malipo. Anakataa kadi na anakataa malipo yenye ulinzi wa mnunuzi, anataka umtumie kama unavyomtumia ndugu, eti akwepe makato. Shemeji alituma hivyo, na benki imesema italiangalia ila haijaahidi kitu. Taarifa ya polisi imeshaandikishwa. Akaunti anabadilisha, jina anabadilisha, lakini picha anazotumia ni zilezile, meza ya mbao yenye alama ya duara ya kikombe upande wa kushoto na blanketi la kijivu chini ya bati. Mkiona hiyo meza ni yeye.

Kama kuna mtu yuko kwenye mazungumzo naye sasa hivi, mwombe picha ya nyuma ya bati, nzima, mchana, bila flashi. Na ambaye ameshatuma hela anicheki, nina picha za ule mhuri na zile ribiti nimpe aambatanishe benki, tukiwa wengi wenye bati la namna moja itakuwa vigumu kusema ni bahati mbaya ya mtu mmoja.