Uzoefu wangu: miezi minane na Stockfish, mchezo ukishaisha

Nianze kwa kukiri. Mwaka jana nilimfunga shemeji yangu sataranji mtandaoni huku simu ya mke wangu ikiwa pajani, Stockfish, programu ya sataranji inayokutafutia hatua bora (wenyewe tunaita injini), imefunguliwa. Hapo hapo akanipigia: "Shem, ile ya kumtoa askofu bure uliionaje?" Nikajikanyaga. Kuona sikuona kitu, nilisoma tu kwenye kioo.

Tangu siku ile injini naifungua mchezo ukishaisha. Stockfish ni ya bure, na ukicheza kwenye tovuti ya Lichess, nayo bure na haina matangazo, huna haja ya kupakua chochote. Unaomba uchambuzi, kompyuta za watu waliojitolea zinaufanya, baada ya muda mfupi hatua zako zinarudi na alama: ?! ulilegalega, ? ulikosea, ?? ulijichimbia kaburi.

Mwanzoni nilikuwa nasoma alama, nasema "ahaa", nafunga. Sikuambulia kitu. Nikicheza na kete nyeusi nilikuwa nafungwa kila mara kwenye ufunguzi wa Kiitaliano, farasi mweupe anaporukia mraba wa g5 (herufi ni safu, namba ni mstari). Nasogeza kitunda d5, mweupe anakila, nami narudisha kwa farasi kama mtu yeyote mwenye akili zake. Injini inasema: farasi a5. Pembeni kabisa ya ubao, na kitunda kimeshaliwa! Kwa nini? Haisemi.

Nikazima simu, nikatoa ubao wa mbao, nikasogeza kete mwenyewe. Nikirudisha kwa farasi, mweupe anamtoa wake f7, mfalme wangu anamla, malkia anatua f3 akimtishia mfalme na papo hapo akimkodolea macho farasi wangu wa d5, ambaye askofu wa c4 naye anamtaka. Kumwokoa farasi, mfalme inabidi atoke mpaka e6, katikati ya ubao, kama mtu aliyefungiwa nje na taulo. Ndipo nikaielewa a5: inamfukuza yule askofu, mzizi wa fitina yote. Ilinichukua jioni nzima, na sijaisahau.

Kitufe ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha kujifunza kutokana na makosa. Kinakurudisha pale ulipoteleza, kinaficha jibu, kinakuacha uhangaike. Injini hupima faida kwa vitunda; tofauti ndogo, chini ya nusu kitunda, mimi nazipita tu. Hizo ni za wakubwa.

Kasoro? Simu yangu ni ya zamani, injini ikifanyia kazi humo humo inachemka kama pasi.

Mchezo ukiwa unaendelea, injini ni marufuku. Hata ile michezo ya siku kadhaa kwa hatua, ambako Lichess inaruhusu kutazama vitabu vya ufunguzi, injini haimo. Mwaka 2019 Igors Rausis, mchezaji mwenye cheo cha juu kabisa, alinaswa akitumia simu chooni kwenye mashindano ya Strasbourg, na FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, ikamvua cheo. Niliposoma habari zake nilikumbuka simu ya pajani, nikaona aibu peke yangu sebuleni.

Shemeji nilimwambia ukweli siku ya Idi. Alicheka, kisha akadai marudiano: ubao wa mbao, simu zote kabatini. Alinifunga. Karatasi ya hatua ninayo hapa. Ya 14 nimeshaiwekea alama ya kuuliza kwa kalamu, nangoja kuona injini itasemaje.